Siku Mbili Zisizo na Bandari

Mtu ateremkaye kutoka Ganjoni kwenda Liwatoni wakati wa alasiri hufika mahali ambapo nyumba huisha na maji huanza. Mbele yake, ng'ambo ya mkono wa bahari, ni Likoni. Kushoto kwake ni kivuko cha feri, na kulia ni Mbaraki, na baada ya Mbaraki ni magati ya Kilindini. Meli kubwa iingiayo Kilindini au itokayo haina njia nyingine ila hiyo, nayo hupita karibu hata aliyesimama ufuoni aweza kuziona nguo za mabaharia zilizoanikwa nyuma. Wavuvi wa pale hawainui tena vichwa vyao kuitazama. Lakini palikuwa na bwana mmoja aliyeinua kichwa chake kila mara, kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, na habari zake zastahili kusimuliwa kwa sababu siku moja meli ilipopita pale, yeye mwenyewe alikuwa ndani yake.

Bwana huyo hakuzaliwa pwani. Kwao ni milima ya Taita, upande wa Wundanyi, ambako wakati wa utoto wake bahari ilikuwa ni picha katika kitabu cha shule. Alipomaliza masomo aliteremka Voi, akapanda gari moshi, akafika Mombasa mwaka 1957 akiwa kijana wa miaka 19. Akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakala wa meli, barabara ya Kilindini, ambayo baadaye iliitwa Moi Avenue. Kazi yake ilikuwa kuandika orodha za abiria: jina, umri, taifa, daraja ya tikiti, namba ya chumba, idadi ya mizigo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wala hakuwa mtu wa kufutafuta, na kwa hiyo alipewa orodha zile zilizotakiwa kutundikwa mahali ambapo abiria wenyewe wangezisoma.

Siku zile meli za abiria zilikuwa nyingi. Palikuwa na Kenya na Uganda, meli mbili mfano wa mapacha, zilizoundwa kule Uskoti mwaka 1951 na 1952, zikiwachukua watu wasiozidi mia tatu kila moja, zikienda London kwa njia ya Suez. Palikuwa na meli za Castle zilizolizunguka bara zima la Afrika. Palikuwa na Karanja na Kampala, zilizokwenda Bombay kwa njia ya Visiwa vya Shelisheli. Katika hizo za Bombay wengi walikuwa abiria wa sitaha, watu waliojitwika magodoro yao na masufuria yao, wakalala palipopatikana nafasi, jua juu yao na mvua juu yao. Wa daraja ya kwanza walikuwa maofisa wa serikali waendao likizo, wenye mashamba, na matajiri wa Kihindi. Karani aliwaandika wote kwa wino ule ule, ila karatasi zilikuwa mbalimbali.

Safari ya London ilichukua majuma matatu hivi. Jambo hili lilimshangaza sana. Kwao Taita mtu mzima hakai siku tatu bila jembe mkononi isipokuwa ni mgonjwa au ana msiba. Siku moja alimwuliza mtumishi mmoja wa meli, Mgoa mwenye mvi, abiria wa daraja ya kwanza wafanya nini humo ndani majuma matatu. Yule mzee alimtazama kana kwamba ameuliza maji hufanya nini mtoni. "Hawafanyi kitu," akasema. "Hukaa juu ya viti, wakaitazama bahari. Mimi ndiye nifanyaye."

Karani alilichukua neno hilo akalala nalo. Hakulisema kwa mtu ila kwa mkewe, maana alioa mwaka 1960, binti wa jirani yao kule kule milimani. "Siku moja," alimwambia, "nami nitakaa juu ya kiti kile." Mkewe akacheka, akaendelea kupepeta mchele. Lakini hakusahau, kama itakavyoonekana.

Meli zile hazikudumu. Ndege zilichukua abiria, kwa kuwa safari ya majuma matatu ilikuwa safari ya usiku mmoja, na Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita mwaka 1967 ukakaa miaka minane haupitiki. Meli ya Kenya ilivunjwa mwaka 1969. Ile ya Uganda ilipata maisha mengine: iligeuzwa kuwa meli ya kuwatembeza watoto wa shule wa Uingereza, kisha mwaka 1982 ikawa hospitali ya majeruhi katika vita vya Visiwa vya Falkland, halafu nayo ikapelekwa Taiwan kuvunjwa. Karani alizisoma habari hizo katika magazeti kama mtu asomaye habari za watu aliosoma nao darasa moja. Yeye alihamishwa dawati, akaandika shehena: magunia ya kahawa, marobota ya katani, baadaye makontena ambayo hayana majina bali namba tu. Akastaafu mwaka 1993, baada ya miaka 36 ya wino.

Hapa lazima kumtaja mkewe vizuri zaidi, kwa kuwa safari hii ilikuwa yake kabla haijawa ya mumewe. Kwa miaka mingi mama huyo aliamka saa kumi za usiku akakanda unga, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa ameketi kando ya njia akiuza mahamri na mbaazi kwa watu waendao kazini Mbaraki na bandarini. Tangu mwaka 1989 alikuwa katika upatu pamoja na wanawake wenzake tisa. Mumewe alijua kwamba kuna upatu. Hakujua zamu za mkewe zawekwa wapi. Mwanzoni mwa mwaka 1996 mama alitoa karatasi mbili mkobani akaziweka juu ya meza, karibu na taa. Zilikuwa tikiti za meli moja ndogo ya starehe iliyokuwa ikianzia safari zake Mombasa katika miaka ile. Meli hiyo iliwachukua hasa watalii wa Ulaya, lakini ilipobaki na nafasi tupu, nafasi hizo ziliuzwa kwa bei nafuu kwa watu wa papa hapa. Safari ilikuwa ya Shelisheli, kwenda na kurudi.

Bwana hakufurahi. Alinyamaza, kisha akauliza bei, na alipoambiwa akasimama. Fedha hizo, alisema, zatosha kuezeka upya nyumba yote ya Wundanyi. Nduguye mdogo alipopata habari aliteremka kutoka milimani kwa basi ili aseme ana kwa ana. "Kaka," alisema, "kwa fedha hizi twapata ng'ombe wa maziwa wa daraja, na mtamba juu yake. Bahari haikamuliwi." Ni maneno ya haki, wala hakuna mkulima atakayemlaumu kwa kuyasema. Mama aliwasikiliza wote wawili mpaka walipomaliza. Ndipo akamwambia mumewe, "Baba Watoto, umeandika majina ya watu wengine miaka thelathini na sita. Na langu liandikwe mara moja."

Basi ikawa safari.

Iliondoka Jumamosi ya mwezi wa Machi, saa kumi na moja jioni. Ni wakati mzuri kwa bahari yetu: Kaskazi imekwisha kuchoka na Kusi haijaamka, maji yametulia kama uji uliopoa. Meli iliachana na gati, ikapita Mbaraki, na mara Liwatoni ikaonekana upande wa kushoto. Karani alikuwa amesimama kwenye kingo za chuma, amevaa suti yake ya kustaafia. Alikuwa ameitazama njia hiyo kutoka ufuoni tangu ujana wake. Hakupata kuuona ufuo kutoka njiani. Aliona jinsi ulivyo mwembamba. Nyumba yake mwenyewe hakuitambua mpaka mkewe alipomwonyesha kanga nyekundu iliyofungwa juu ya mti mrefu, ikipeperushwa na wajukuu kama walivyoagana. Feri ya Likoni ilikuwa imengoja kando, imejaa watu, nao watu walikuwa wakiitazama meli kwa uso ule ambao yeye alikuwa nao siku zote. Alitaka kuwapungia mkono, akaona haya. Kisha ukapita mnara wa taa wa Ras Serani, rubani akateremka katika mashua yake, na mwamba ukabaki nyuma ukifoka povu.

Nje ya mwamba huo sakafu ya bahari huporomoka upesi. Mbele zaidi, katika njia ya Shelisheli, kina hupita mita 4,000. Mlima Vuria, ulio mrefu kuliko yote ya Taita, ukitumbukizwa pale, kilele chake kitakuwa bado karibu mita 2,000 chini ya maji. Karani aliufanya hesabu hii kitandani usiku wa kwanza, akatamani asingaliifanya. Mama alitapika mara mbili, akanyonya ndimu na kutafuna tangawizi aliyoifunga katika pembe ya leso, akapata usingizi. Bwana alikesha akiusikiliza mtambo.

Toka Mombasa hadi Mahé ni kama maili za bahari 950. Meli iendayo maili 15 kwa saa hutaka saa sitini na tatu, yaani huondoka Jumamosi jioni ikafika Jumanne asubuhi. Kati ya hapo kuna Jumapili nzima na Jumatatu nzima ambazo hazina bandari, wala kisiwa, wala simu, wala mtu wa kubisha hodi. Wenye meli waliziita siku za mapumziko. Katika karatasi ya ratiba, ambapo siku nyingine zilikuwa na mistari mingi, siku hizo mbili ziliandikwa neno moja tu: baharini.

Jumapili karani aliamka saa kumi na moja, akanyoa ndevu, akafunga tai, akatoka. Sitaha ilikuwa imelowa, mabaharia wakiisugua. Viti vya kulalia vilikuwa vimepangwa safu, vile vile alivyoambiwa na yule Mgoa. Akaketi juu ya kimoja. Akatazama saa yake. Dakika nne zilikuwa zimepita. Akatazama bahari, na bahari ilikuwa ile ile pande zote. Akatazama saa tena. Mtu anayejua kazi tu hajui mahali pa kuweka mikono yake. Watalii walipotoka baada ya chai, walijilaza wakafumba macho mara moja, kama watu waliosomea jambo hilo. Mzee mmoja wa Uswisi alimwuliza kwa wema hii ni safari yake ya ngapi. "Ya kwanza," akajibu, "lakini nimewapeleka watu wengi." Yule mzee akadhani ni nahodha mstaafu, akamwamkia kwa heshima kuanzia saa ile.

Huko chumbani mama naye alikuwa na matata yake. Alikuwa ametandika kitanda, amefuta meza na kuosha vikombe kwa maji ya bomba. Kijana aliyepewa vyumba vile, mwenyeji wa Kisauni, alipofungua mlango akashika kichwa. "Mama, nakuomba," alisema, "msimamizi akikuta wewe ndiye uliyetandika, atasema mimi silipwi kwa kitu." Mama akaketi kwenye kiti, miguu pamoja, akamtazama kijana akikitandua kitanda kile kilichotandikwa vizuri na kukitandika upya. Baadaye alisema kwamba hakupata kuona kazi ngumu kama kuitazama kazi.

Adhuhuri karani aliona orodha ya abiria imetundikwa karibu na ngazi. Akaisoma yote. Majina mawili yalikuwa yameandikwa mara mbili, na chumba kimoja kilikuwa kimepewa watu ambao hawakuwamo. Furaha iliyomjia haielezeki. Alikwenda kwa karani wa meli akamwonyesha makosa hayo kwa adabu, na yule, aliyekuwa mtu mwenye kazi nyingi na msaidizi mgonjwa, akamshukuru, kisha kwa mzaha akasema angefurahi kupata mtu wa namna hiyo. Alasiri ile bwana wetu hakuonekana sitahani. Mkewe alimtafuta kila mahali, akaanza kuingiwa na hofu, kwa kuwa kwenye meli mtu akipotea kuna mahali pamoja tu pa kumfikiria. Alimkuta nyuma ya dirisha la ofisi, amevua koti, amekunja mikono ya shati, akinakili majina.

Hakumwambia neno mbele za watu. Alimngojea mlangoni, wakapanda pamoja mpaka sitaha ya juu palipokuwa na upepo, na hapo akasema, kwa Kitaita, ili mtu yeyote asielewe, mambo ambayo katika miaka thelathini na sita ya ndoa hakuyasema. Kwa ufupi, alisema kwamba hakukanda unga miaka sita ili mumewe aende kuandika. Kisha akasema neno la pili, kwa sauti ndogo. "Hata usiku ule ulikuwa ukiandika."

Karani alijua ni usiku gani. Mwaka 1964 mtoto wao wa pili, wa miaka miwili, alishikwa na homa. Jioni ile meli ilichelewa kufunga gati na orodha zikahitajika kufanywa upya, naye akabaki ofisini. Angeweza kuomba ruhusa. Hakuiomba, kwa kuwa alikuwa kijana na alitaka kuonekana mtu wa kutegemewa. Aliporudi nyumbani alfajiri alimkuta mkewe ameketi kizingitini, na majirani wamesimama. Mtoto alizikwa siku hiyo. Siku ya tatu karani alirudi kazini, na mama baada ya muda akaanza kuuza mahamri, na tangu hapo wote wawili walikuwa watu wa kusifiwa kwa bidii. Hawakulitaja jambo lile tena. Palikuwa na unga wa kukandwa, palikuwa na orodha, palikuwa na watoto wengine wanne wa kulea. Siku haikubakiza nafasi, na labda wao wenyewe walihakikisha kwamba haibakizi.

Usiku wa Jumapili ulipita kimya. Saa za meli zilipelekwa mbele kwa saa moja, kwa kuwa Shelisheli yatangulia Kenya kwa muda huo. Karani, mtu wa hesabu, aliona vigumu kukubali kwamba saa nzima imetoweka bila mtu kutia sahihi. Mama hakuigusa saa yake.

Jumatatu ndiyo siku iliyobaki katika safari ile. Bwana aliamka, akaitazama tai yake, akaiacha msumarini. Mama alitoa kopo alilolificha kwenye sanduku, ndani yake mahamri ya nyumbani, nao wakaenda kuyala sitahani kwa chai ya meli, wakimpa na yule kijana wa Kisauni mawili, aliyeyala akiwa amesimama nyuma ya nguzo. Kisha wakaketi. Hapakuwa na kitu. Pomboo walikuja wakacheza mbele ya meli kwa muda, wakaenda zao. Samaki wadogo warukao walichomoka majini makundi makundi kama panzi wa shambani, wakaruka mbali sana, wakatumbukia. Baada ya hapo ni maji na mbingu tena, na mtikiso mdogo wa mtambo chini ya nyayo, ambao kufikia saa nne mtu hausikii tena bali hupumua pamoja nao.

Ni karani aliyeanza kusema. Alieleza usiku ule ulivyokuwa upande wake, tangu saa ya kwanza mpaka alfajiri: meli gani, karatasi ngapi, mara ngapi alitazama mlango. Hakujitetea. Mama alisikiliza akiitazama bahari, halafu naye akaeleza upande wake, maana mumewe hakupata kuusikia: maji aliyompa mtoto, wimbo aliomwimbia, jirani aliyekwenda kutafuta gari. Alisema kwamba kwa miaka kumi alimchukia, na kwamba alikuwa akiikanda chuki hiyo pamoja na unga kila usiku saa kumi, na siku moja, hakumbuki lini, akaona imebaki unga tu. Walisema hivyo mpaka kengele ya chakula ikalia, wasiende. Ikalia ya pili, wasiende. Mzee wa Uswisi aliwaletea matunda katika sahani, akayaweka kati ya viti vyao, akaondoka bila kuuliza kitu.

Huenda msomaji akasema kwamba maneno hayo yangeweza kusemwa Liwatoni, chini ya mwembe, bila nauli. Yangeweza. Ila miaka thelathini na miwili ilipita chini ya mwembe huo na hayakusemwa. Kule nyumbani neno likiwa zito mtu husimama, akaenda kuchota maji au kuangalia mlango. Melini hakuna pa kwenda, na maji yamekwisha kuchotwa na mtu mwingine.

Alasiri wote wawili walilala usingizi juu ya viti vile, midomo wazi, kama watalii. Jioni walibaki nje mpaka nyota zikatoka. Mama, binti wa mkulima, alikitafuta Kilimia, akakiona kimeinama upande wa magharibi, upande wa nyumbani, akamwonyesha mumewe. Kwao Kilimia ni habari ya kulima. Safari hii walikitazama tu.

Shelisheli ni nchi nzuri ya milima ya mawe, na mji wa Victoria ni safi. Walitembea sokoni, wakanunua mdalasini, wakashangaa kuona watu weusi wasemao lugha yenye Kifaransa ndani yake. Lakini walipoulizwa baadaye na majirani waliisimulia kwa maneno machache. Katika kurudi saa zilirudishwa nyuma. "Nimelipwa," karani alisema, na mama, ambaye saa yake ilikuwa sawa safari nzima, akamwuliza atazifanyia nini hizo dakika sitini. Akasema atalala. Akalala.

Nduguye alingoja muda wa mwaka mzima kabla ya kuuliza kama fedha zile hazikupotea. Karani alimjibu kwamba bati lingevuja sasa. Halikuwa jibu, na nduguye alijua hivyo, lakini walicheka wote wawili. Nyumba ya Wundanyi iliezekwa mwaka 1999.

Tangu safari ile ikawa desturi yao kukaa Liwatoni kila jioni bila kazi mkononi. Kulipita miaka ambayo meli za starehe zilikuwa haba. Tarehe 5 Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia, ilipokuwa ikija Mombasa; iliponyoka, ikakimbilia Shelisheli, na katika miaka iliyofuata wenye meli wengi waliikwepa bahari yetu. Mama alisikitika kwa ajili ya yule kijana wa Kisauni, ambaye bila shaka alikuwa mtu mzima sasa, akaomba awe amepata kazi ya nchi kavu. Mwaka 2011 mama huyo alifariki dunia, akazikwa Wundanyi karibu na mtoto. Katika vitu vyake ilipatikana ile orodha ya abiria ya mwaka 1996, imekunjwa mara nne, na majina yao mawili yamepigiwa mstari. Mwandiko ulikuwa wa mumewe: ndiyo nakala aliyokuwa akiiandika Jumapili ile alipomkuta.

Mwishoni mwa mwaka 2020 lilifunguliwa daraja la kuelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu, upande wa Likoni, ili waendao kwa miguu wasisongamane kwenye feri wakati wa maradhi ya korona. Sehemu yake ya katikati iliweza kufunguliwa ili meli zipite. Asubuhi moja ya mwaka 2021 karani, mwenye miaka 83, alishika fimbo yake akaingia darajani pamoja na mjukuu. Watu walimpita kwa haraka kulia na kushoto, wakienda kazini. Alipofika katikati ya maji alisimama, akageuka, akaitazama Liwatoni kutoka njia ya meli, mara ya pili katika maisha yake. Akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo kanga nyekundu ilikuwa imefungwa. Mjukuu akasema anakumbuka, kwa kuwa ndiye aliyeushika ule mti.

Askari akaja akawaambia, "Mzee, tafadhali songeni. Daraja lataka kufunguliwa, meli yaja."

"Ni meli gani?"

"Ya makontena, Mzee."

Wakarudi polepole mpaka ufuoni, karani akaketi juu ya jiwe lake. Meli ilipopita, ndefu kuliko mtaa mzima, aliwatafuta watu juu yake. Walikuwa wawili tu, wameegemea kingo za nyuma, hawafanyi kazi yoyote. Akawapungia mkono, na mmoja wao akajibu.